Dizeli kwenye baridi kali: ni nta, barafu au uchafu? Kutafuta chanzo mashine inapogoma

Trekta ya kusukuma theluji, jenereta ya akiba au shoveli ndogo ya kupakia ikigoma asubuhi ya baridi kali, neno la kwanza kusikika ni kwamba mafuta yameganda. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Vitu vitatu huziba filta ya dizeli majira hayo: nta, barafu na uchafu wa utelezi. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba ya kimoja haisaidii kingine. Dawa ya nta ikimwagwa kwenye filta iliyojaa barafu, hela imepotea na mashine bado imelala.

Fundi aliyejifunzia kazi Arusha, Nakuru au Bukavu akifika Minnesota au Alberta anakuja na ujuzi wote wa filta, wa maji kwenye tangi na wa upepo kwenye mfumo. Kigeni kwake ni nta, kwa kuwa hata Njombe au Limuru usiku wa Julai haufikii baridi ya kuitoa nta kwenye dizeli. Kwa hiyo tuanze hapo.

Ijue dizeli uliyonayo

Nta ni sehemu ya asili ya dizeli, na inawaka vizuri. Kwenye joto la kawaida imeyeyuka, huioni. Baridi inapoongezeka, kwanza hutokea chembe ndogo zinazoyafanya mafuta yaonekane na ukungu. Kwa dizeli namba 2 ya Marekani Kaskazini isiyoandaliwa kwa baridi, ukungu huo kwa kawaida huanza mahali fulani kati ya −7 na −12 °C. Baadaye chembe hukua na kushikana hadi zinaziba filta, na baridi ikizidi zaidi mafuta yote hugeuka uji. Angalia mpangilio huo: filta huziba mafuta yakiwa bado yanamiminika. Mtu anafungua tangi, anaona dizeli inacheza vizuri, anaamini tatizo liko kwingine, kumbe filta ya mikroni 5 (mikroni 1,000 ni milimita moja) imeshapakwa nta yote.

Dizeli namba 1, ambayo iko karibu sana na mafuta ya taa, huanza ukungu karibu na −40 °C. Ina nishati kidogo pungufu kwa lita na ulainishaji hafifu kwa pampu, lakini kwenye baridi ya −30 haina mpinzani.

Jambo moja la kujua kwa anayenunua mafuta Marekani: kiwango cha ubora wa dizeli cha huko, ASTM D975, hakiweki namba moja ya lazima ya baridi ambayo dizeli inapaswa kuhimili. Kinatoa mwongozo wa halijoto za kila eneo na kuacha mnunuzi na muuzaji wakubaliane. Ulaya ni tofauti. Kiwango cha EN 590 kina madaraja, kwa mfano daraja F hupita kwenye filta ya majaribio hadi −20 °C na daraja la 2 la nchi za baridi hadi −32 °C. Kwa hiyo ukiwa Marekani uliza: mafuta haya yamechanganywa kwa baridi ya kiasi gani, na yaliletwa lini? Februari 2021 baridi ilipoivamia Texas na Dallas ikashuka hadi −19 °C, magari ya dizeli yaligoma kwa sababu mafuta ya huko hayakuwa yameandaliwa kwa hali hiyo.

Dizeli ya mimea huongeza mzigo. Ya soya ikiwa peke yake huanza kuganda karibu na sifuri. Minnesota, tangu 2018, dizeli namba 2 ya miezi ya joto imekuwa na asilimia 20 ya dizeli ya mimea na ya miezi ya baridi asilimia 5. Mashine iliyojazwa Septemba na kuegeshwa hadi theluji ya Desemba bado imebeba ile ya asilimia 20. Hiki ndicho chanzo tunachokiona kuwa kikubwa kuliko vyote kwa mashine zinazofanya kazi msimu mmoja: mafuta ya kiangazi ndani ya mashine ya kipupwe.

Kipimo cha chupa kabla ya kushika spana

Chukua chupa mbili safi za kioo, nusu lita kila moja. Moja ijaze kutoka kwenye tundu la chini la tangi, nyingine kutoka kwenye kikombe cha kutenganisha maji. Ziache zitulie dakika 15, kisha zitazame ukizielekeza kwenye mwanga.

Mafuta yakiwa meupe kama maziwa mepesi, yapeleke ndani kwenye joto la chumba. Ukungu ukiondoka wote yakipata joto, hiyo ni nta. Ukungu ukibaki hata yakiwa na joto la chumba, hayo ni maji yaliyosambaa ndani ya dizeli. Mstari ulio wazi chini ya chupa ni maji huru; kama yametoka nje yakiwa barafu, utayaona yakiyeyuka na kutulia chini. Vipande vyeusi au kahawia vinavyoelea kati ya maji na mafuta ni vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka huo.

Chupa ya tatu iache nje usiku kucha kando ya mashine, pamoja na kipimajoto. Asubuhi itakuambia dizeli yako inavumilia baridi ipi, bila kubahatisha.

Inazunguka lakini haiwaki kabisa

Tazama bomba la moshi wakati stata inapigwa. Hakuna moshi hata kidogo: mafuta hayafiki kwenye nozeli. Moshi mweupe unatoka: mafuta yanafika lakini hayashiki moto, na hapo filta si ya kwanza kushukiwa.

Pia sikiliza kasi. Betri nzuri ikifika −18 °C hubaki na karibu asilimia 40 tu ya nguvu zake, wakati oili nzito inaidai stata nguvu zaidi. Injini za komoni reli, yaani zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, zinahitaji kasi fulani ya mzunguko ili presha ipande kiasi cha kompyuta kuruhusu nozeli zifunguke. Stata inayokokota itafanya ionekane kama hakuna mafuta. Oili ya 15W-40 ni nzito mno kwa baridi ya chini ya −15. Tumia 5W-40 au 0W-40 kama mtengenezaji anairuhusu.

Kama kasi ni nzuri na hakuna moshi, fuata njia ya mafuta kutoka tangini kuelekea injini, si kinyume chake. Pampu ya mkono inasema mengi. Ile ya mpira ukiiminya ikabaki imebonyea bila kurudi, kuna kizuizi kabla yake: wavu wa kwenye tangi, bomba lenye barafu au filta ya kwanza. Ukiiminya muda mrefu isikaze, inavuta hewa au mafuta yanarudi nyuma. Ikikaza na injini bado haiwaki, tatizo liko mbele yake.

Barafu hupenda mahali ambapo maji hutulia: viwiko vya bomba, sehemu bomba linapopinda kwenda juu baada ya kushuka, na chini ya kikombe cha kutenganisha maji. Mashine nyingi ndogo zina kifilta kidogo cha plastiki kabla ya pampu ya kuvuta, au wavu ndani ya pampu yenyewe, na mara nyingi havijabadilishwa tangu mashine inunuliwe. Watu hubadilisha filta kubwa mara mbili wakakiacha hicho.

Ili kujua kama bomba la tangini liko wazi, lifungue kwenye filta ya kwanza, fungua kifuniko cha tangi, kisha puliza hewa ya shinikizo dogo kurudi tangini. Ukisikia inabubujika bila kukwama, njia iko wazi. Usipulize kwa nguvu ya kompresa nzima; wavu hupasuka na kiungo cha tangi huvuja.

Inawaka vizuri, kisha inazima baada ya dakika chache

Dalili hii ina maelezo mengi kuliko zote, na muda inaochukua kuzima ndio unaoonyesha chanzo.

Dakika 2 hadi 10: karibu kila mara ni nta. Mafuta yaliyokuwa tayari mbele ya filta yanatosha kuiwasha, kisha yanaanza kuvutwa ya baridi kutoka tangini na nta inapaka filta. Mashine yenye hita ya bloku hudanganya zaidi hapa. Hita hiyo inapasha maji ya injini, si dizeli. Injini inashtuka mara moja kama siku ya kiangazi, halafu inafifia na kufa. Ukiiacha dakika 20 inawaka tena, kwa sababu joto la injini limeyeyusha kidogo nta iliyo kwenye filta. Mzunguko huo wa kuwaka, kufa, kupumzika na kuwaka ni ushahidi mzuri wa nta.

Dakika 20 hadi 40, hasa mashine ikifanya kazi nzito: shuku tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Theluji iliyoyeyuka huingia na kuganda. Pampu inavuta, hewa haiingii, tangi linabaki na mvuto hadi mafuta yanakatika. Fungua kifuniko, ukisikia mlio wa kuvuta hewa na mashine ikapata uhai, umekipata. Hili likaguliwe mapema, maana kulikagua hakugharimu kitu.

Ikizima bila mpangilio, mara ikiinama upande fulani, mara ikitikiswa: kipande cha barafu au uchafu kinaelea tangini na kuja kukaa kwenye mdomo wa bomba la kuvutia.

Na kama asubuhi inahitaji kupampiwa kwa mkono kila siku lakini ikishawaka haina shida, usitafute nta. Hapo kuna hewa inayoingia upande wa kuvuta. O-ringi na mipira hukakamaa kwenye baridi na kuacha nafasi ndogo. Haivuji nje kwa sababu ndani kuna mvuto, kwa hiyo hutaona tone. Unganisha kipande cha mpira unaoona ndani yake kati ya filta na pampu, washa, utazame viputo. Kisha kaza au badilisha kiungo kimoja kimoja ukianzia tangini.

Inafanya kazi lakini haina nguvu

Filta iliyoziba nusu inapitisha mafuta ya kutosha kwa mzunguko wa chini, si kwa kubeba theluji iliyolowa. Kipimo bora ni geji ya mvuto baina ya filta ya kwanza na pampu. Andika usomaji wake filta ikiwa mpya, mafuta yakiwa na joto na injini ikiwa kwenye kasi kamili. Asubuhi ya baridi ukikuta mvuto uko juu ya hapo na unashuka kadiri mashine inavyopata joto, ni nta. Ukibaki juu hata baada ya saa mbili za kazi, ni uchafu, na filta imefikia mwisho wake.

Ukubwa wa matundu pia una mchango. Filta za Racor, kwa mfano, hutofautishwa kwa rangi: nyekundu mikroni 30, buluu 10, kahawia 2. Mtu akiweka ya mikroni 2 kama filta ya kwanza kwa kudhani ndogo ni bora, kwenye baridi atakuwa wa kwanza kukwama. Ya kwanza iwe 10 au 30, ya pili ndiyo ichuje laini kama mtengenezaji alivyoagiza.

Moshi mweupe na injini inayotetemeka

Hapa mafuta yanafika. Pima hita plagi, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha: toa waya, pima ukinzani kati ya ncha na bloku. Nyingi za volti 12 nzima husoma chini ya ohm 2; isiyosoma kabisa imekatika. Injini ya silinda tatu yenye plagi moja mbovu huwaka kiangazi bila malalamiko na kugoma kwenye −10.

Usipulizie dawa ya kuwashia, yaani etha, kwenye injini yenye hita plagi au hita ya njia ya hewa. Inaweza kulipuka kabla ya pistoni kuwa tayari, ikavunja pete, pistoni au njia ya hewa yenyewe.

Filta ikishatoka, soma kilichomo

Usiitupe. Mwaga mafuta yake kwenye chupa, ikate kwa kikata kopo au kikata filta (msumeno hujaza vumbi la chuma na kukupotosha), kunjua karatasi yake na uiache kwenye joto la chumba kwa saa moja.

Utando wa rangi ya siagi ulioyeyuka na kuondoka ulikuwa nta, na filta yenyewe huenda ni nzima. Matone ya maji kwenye mikunjo na karatasi iliyovimba: ilikuwa barafu. Utando mweupe au kahawia unaobaki kama mafuta mazito hata kwenye joto la chumba hutokana na mabaki ya dizeli ya mimea. Dawa ya nta haiugusi, kinachosaidia ni kuondoa mafuta hayo na kubadilisha filta. Utelezi mweusi wenye harufu mbaya ni vijidudu: tangi litolewe maji, lisafishwe, liwekwe dawa ya kuua vijidudu, na uandae filta mbili au tatu za ziada kwa sababu maiti zao zitaziba tena.

Kuiamsha mashine iliyoganda

Tiba halisi ni joto. Ikiwezekana ivute hadi kwenye banda lenye joto uiache saa 12 au zaidi. Tangi la lita 100 lililofika −25 halipati joto kwa saa moja. Kama haiwezekani, ifunike kwa turubai hadi chini na uingize hewa ya moto kutoka kwenye hita iliyoko nje ya turubai. Usikae ndani ya turubai. Gesi ya hita huua bila harufu. Kwenye filta na viwiko, weka matambara na uyamwagie maji ya moto, au tumia mashine ya kukaushia nywele. Moto wa wazi usikaribie.

Kisha:

1. Mwaga maji kwenye kikombe cha kutenganisha. Kama koki haitoi kitu, imeganda; ipashe kwanza, usiilazimishe.
2. Weka dawa ya kuyeyusha, ile iliyotengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kuganda, kwa kipimo cha chupa yake. Dawa ya kawaida ya kuzuia kuganda haifai kwa hatua hii.
3. Funga filta mpya iliyokaa ndani kwenye joto. Injini ya zamani yenye pampu ya kawaida unaweza kuijazia filta dizeli safi kabla ya kuifunga. Ya komoni reli usiijazie filta ya pili. Mafuta utakayomwaga katikati yanaenda moja kwa moja kwenye nozeli bila kuchujwa. Ifunge kavu, tumia pampu ya mkono au washa swichi sekunde 30 bila kupiga stata, zima, rudia mara nne au tano.
4. Toa upepo kwenye skrubu yake hadi mafuta yaje bila viputo.
5. Piga stata si zaidi ya sekunde 15, pumzisha dakika 2.

Hapa kuna tabia ya gereji za nyumbani inayopaswa kuachwa: kulegeza nati za mabomba ya nozeli ili kutoa upepo. Kwenye pampu ya zamani ni sawa. Kwenye komoni reli presha inapita bar 1,600 na mchirizi mwembamba wa mafuta hupenya ngozi. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo, lakini ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Ikishawaka, iache kwenye mzunguko wa wastani dakika 20 bila mzigo. Mafuta ya ziada yanayorudi tangini yana joto, na ndiyo yanayolipasha tangi taratibu.

Kuchanganya kabla baridi haijafika

Dawa ya kuzuia kuganda haiondoi nta na haisogezi ukungu. Inabadilisha umbo la chembe zibaki ndogo na zipite. Kwa sababu hiyo lazima iingie mafuta yakiwa bado maangavu, vizuri yakiwa nyuzi 5 au zaidi juu ya kiwango chake cha ukungu. Imwage kwanza tangini, kisha jaza dizeli juu yake ichanganyike.

Kwa namba 1, kadirio linalotumika sana ni kwamba kila asilimia 10 inasogeza kiwango cha kuziba filta kwa karibu nyuzi 1.5 hadi 2. Tangi la lita 60 lenye lita 30 za namba 2 inayoziba kwenye −12, ukiongeza lita 30 za namba 1, unafika takribani −20, na dawa inakusogeza mbele zaidi. Ukitegemea −30 kwa wiki nzima, jaza namba 1 tupu na uongeze dawa ya ulainishaji.

Mafuta ya taa hutumika vivyo hivyo, lakini soma lebo. K-1 ya kawaida inaruhusiwa salfa hadi sehemu 400 kwa milioni, wakati mashine zenye kichujio cha masizi zinataka isizidi 15. Petroli usichanganye kabisa: inapunguza ulainishaji, inaharibu pampu, na mvuke wake tangini unashika moto kwa urahisi.

Tangi la akiba na pampu yake

Tangi la shambani au la eneo la ujenzi liinamishwe kidogo, upande wa koki ya kumwagia maji ukiwa chini, na bomba la kuvutia lianzie sentimita 10 juu ya sakafu yake. Likikaa siku nyingi chini ya kiwango cha ukungu, nta hutulia chini, na anayevuta wa kwanza hupata dizeli yenye nta kuliko ilivyonunuliwa.

Pampu ya kujazia ikianza kupunguza kasi, ichukue kama onyo la mapema. Filta yake ya mikroni 10 yenye kuzuia maji inaziba kwa nta kabla ya filta ya mashine yako. Wengi huitoa na kuweka ya mikroni 30 kwa majira ya baridi, na ni sawa, mradi mafuta yenyewe yachanganywe pia. Vinginevyo umeihamishia nta kwenye mashine. Mashine nazo zijazwe jioni, si asubuhi, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kutoa maji tangini usiku.

Kioevu cha urea, kile cha kusafishia moshi kinachokaa kwenye tangi lake, nacho huganda, kwenye −11 °C, na wapo wanaokipa lawama mashine isipowaka. Kuganda kwake hakuzuii injini kuwaka. Tangi lake lina hita na mtengenezaji ameacha muda wa kukiyeyusha baada ya kuwasha. Usikitie dawa yoyote, na usijaze tangi hadi mdomoni, kwa kuwa kikiganda hutanuka kwa karibu asilimia 7.